Mrejesho: kiuno, kazi ya mchana na masomo ya jioni

Wadau, niliuliza namna ya kumudu maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi 3, huku kuna kazi ya kaunta Kampala mchana na darasa jioni. Asanteni, hasa aliyesema tufuate saa, si maumivu. Hilo ndilo lililobeba mengine yote.

Ukingoja kiuno kiwake ndipo upumzike, umechelewa. Siku nzuri unajimaliza, mbili zinazofuata huinuki. Kama unaweza kukaa dakika 30 kabla hakijaanza, weka kengele ya simu kwenye 20. Ikilia, simama utembee dakika 2, hata kama huumwi. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3 tu.

Kwenye kiti, taulo dogo likunjwe kama rolex (ile chapati ya Uganda inayoviringishwa na mayai, si saa), likae kwenye uwazi wa kiuno, juu kidogo ya mkanda. Likiwa nene mno linakusukuma mbele, mabega nayo yanaanza. Maji: jerikeni 2 za lita 10, kila mkono moja, kuliko ile ya 20 inayokupinda upande.

Dawa: diclofenac na ibuprofen ni ndugu, yaani dawa za maumivu za kundi moja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu, kunaongeza hatari ya vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Ganzi katikati ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kulegea: hospitali siku hiyohiyo, mtihani utasubiri.