Mjadala: Tutangaziwe hewa ya kesho kando ya barabara, au pesa ziende kwingine?

Mleta mada
Natoa hoja, mnirarue. Kila jioni runinga hutuambia mvua ya kesho itanyesha wapi. Hewa ya Jogoo Road saa moja asubuhi haitajwi, ilhali wanaoivuta kwa miguu kutoka Eastlands hadi mjini na Viwandani hujaza pande zote mbili za lami. Nasema Kaunti ya Nairobi ianze kutoa utabiri wa chembechembe laini, zile za PM2.5, siku moja kabla, barabara kwa barabara.

Hizi si zile za kukupigisha chafya. Upana wake hauzidi mikromita 2.5, na unywele ni mnene mara ishirini na zaidi. Pua haizizuii. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kisichopaswa kuzidiwa: cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, na cha saa 24 kutoka 25 hadi 15.

Na zinatabirika. Msongamano wetu tunaujua kwa saa, kama ratiba ya sala. Kinachobaki ni hali ya hewa. Alfajiri ya Julai baridi hukaa chini na hewa yenye joto kidogo huifunika kama kifuniko cha sufuria, moshi wa matatu ukakosa pa kwenda. Jua likipanda kifuniko kinafunguka. Mvua huosha hewa na kulaza vumbi. Ukiwa na vipimo vya leo na utabiri wa upepo wa kesho, una pa kuanzia.

Fundi wa Grogan
Kaka, huo ni utabiri kwamba ukimwaga maji sakafu italowa. Mimi niko chini ya magari hayo kila siku. Mteja analeta dizeli iliyotumika ng'ambo, chujio la masizi limeziba, bei ya jipya inamtoa jasho. Ananiambia, “Fundi, ng'oa, weka bomba tupu.” Nikikataa anaenda kwa jirani yangu. Tangu 2015 tunauziwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua nzuri sana, lakini mafuta safi kwenye gari lisilo na chujio ni kupiga deki huku mlango uko wazi. Pesa za kompyuta zenu ziende kukagua moshi barabarani.

Mtu wa Takwimu
Siungi mkono upande wowote bado. Naogopa jinsi utabiri huu utakavyopigiwa debe. Tuseme katika siku 100, siku 8 ni mbaya kupindukia. Nikiandika programu inayosema “kesho shwari” kila siku, itakuwa sahihi mara 92, na waziri ataikatia utepe. Haina faida hata kidogo, maana siku zile 8 ndizo tulizoitafuta. Kwa hiyo mtu akija na “usahihi wa asilimia 90”, muulizeni alizinasa siku mbaya ngapi, na mara ngapi alipiga kengele bure. Kisha muulizeni kama anamshinda mtu anayesema tu “kesho itakuwa kama leo”. Wengi huangukia hapo.

Pili ni ukubwa wa ramani. Utabiri wa dunia nzima wa Copernicus, wa Ulaya, huigawa dunia kwa visanduku vya takriban kilomita 40. Karibu Nairobi yote na kipande cha Kiambu mnaweza kukaa kisanduku kimoja. Lakini moshi wa barabarani hupungua sana ukisogea mita 200 au 300 kutoka lami, na Tom Mboya Street, yenye maghorofa pande zote mbili, haifanani na Mombasa Road iliyo wazi.

Mleta mada
Hilo la siku 8 limenipata, nakubali. Ndiyo maana nataka vihisi vingi, yaani vifaa vidogo vya kupima hewa, vya bei nafuu, badala ya mtambo mmoja wa kifahari juu ya paa la ofisi, ghorofa ya nne, ambako hakuna anayepumua.

Mdau wa Kampala
Nafuu, ila msivifunge na kuondoka. AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulianza 2015, na vihisi vyake vimefungwa kwenye majengo, nguzo na hata boda boda. Utabiri unauona kwenye simu. Lakini kihisi cha namna hiyo hufanya kazi kwa kumulika chembe kwa leza, na hewa ikiwa na unyevu chembe huvimba, kikasoma uchafu mwingi kuliko uliopo. Lazima baadhi yake vikae bega kwa bega na mtambo wa rejea, ule mkubwa unaoaminika, ili vipimo vyake virekebishwe kila mara. Kazi kubwa iko hapo. Na vumbi letu jekundu la barabara za murram haliingii kwenye hesabu ya magari peke yake: gari moja likipita siku kavu hurusha mengi kuliko bomba lake linavyotoa.

Mkenya wa Lewisham
Nitoe ya huku nilikohamia. Ella Kissi-Debrah aliishi karibu sana na South Circular, barabara yenye magari usiku na mchana, hapa kusini mashariki mwa London. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 9, kwa pumu. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia. Mama yake alisema wazi kwamba angejua, wangehama. Fundi, magari yalikuwa yanakaguliwa huku, na bado hakuna aliyemwambia mama yule.

Fundi wa Grogan
Pole yake mama huyo. Lakini dada, wa mtaa wa mabanda wa Mukuru akiambiwa atahamia wapi?

Mtu wa Takwimu
Hapo ndipo Paris walipotuzidi. Machi 2014 uchafu ulipozidi walifanya mabasi na treni kuwa bure, na tarehe 17 magari yenye namba shufwa yakakatazwa. Tangazo liliwabana wenye magari, si wenye mapafu. Nitaunga mkono utabiri wa Nairobi siku utakapofungwa na amri: kiwango kikitabiriwa kuvuka hapa, malori yasiingie kabla ya saa nne asubuhi.

Mleta mada
Nakubali, naibadilisha hoja: utabiri pamoja na amri.

Mama Mboga, Outering
Nimesoma yote kimya. Kibanda changu kiko hatua sita kutoka lami, steji iko mbele yangu, na makanga husema gari lisizimwe, abiria wasije wakadhani haliondoki. Hiyo amri yenu nayo ianze hapo stejini. Sasa niambieni nyinyi wasomi: hewa inakuwa nzuri saa ngapi?

Mdau wa Kampala
Kwa kawaida mchana, Mama. Saa saba hadi saa kumi, jua likiwa kali.

Mama Mboga, Outering
Saa nane mchana sina mteja hata mmoja. Sukuma hununuliwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wakishuka kwenye matatu.