Meza za wanaokuja siku mbili tatu: benchi refu, meza za magurudumu au kaunta?

mpanga_ofisi:
Wakuu, tuna chumba hapa Posta, Dar, tunataka kiwe cha kukaa yeyote: maofisa wanaotoka mikoani, wakaguzi, na wenzetu wanaofanya kazi nyumbani nusu wiki. Fundi ameleta njia tatu. (1) Benchi refu, watu wanatazamana. (2) Meza ndogo za magurudumu. (3) Kaunta ya viti virefu pamoja na vibanda viwili vya simu. Bosi anataka jibu Ijumaa. Ipi bora?

Tepu_Mita:
Bora kwa chumba gani, mkuu? Hujataja vipimo, hujasema ni jengo la kupanga au lenu, wala watu wangapi wanafika siku ya kujaa. Usitupe wastani, tupe siku ya kujaa.

kilowati:
Na soketi ziko wapi?

mpanga_ofisi:
Radhi wakuu. Mita 9 kwa 6.5, ya kupanga, mkataba miaka miwili. Sakafu vigae, dari la kuning'inia, soketi zote za ukutani. AC mbili za ukutani. Madirisha yanatazama magharibi. Jumatatu wanafika 14, siku nyingine 8 au 9.

kilowati:
Namba 2 ifute. Kwa soketi za ukutani, kila meza ikisogea itavuta ekstensheni, na kesho yake utaona ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni. Mguso ukilegea unapata joto, plagi inageuka kahawia, halafu inanuka. Utepe wa kubandika nyaya hizo kwenye vigae nao unabanduka kila wakipiga deki.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Kompyuta mpakato wati 65 na skrini wati 30, mara 12, ni wati 1,140, yaani ampea 5 hivi kwa volti 230. Balaa ni birika la chai la wati 2,200 kuchomekwa kwenye laini hiyohiyo. Birika lipewe laini yake na breka yake. Benchi lishushiwe umeme kwa nguzo nyembamba kutoka darini, nyaya zipite kwenye treya chini ya meza. Huchimbi sakafu ya mwenye nyumba, na ukihama unaing'oa.

Tepu_Mita:
Vipimo vinakubali. Mabenchi mawili ya watu sita sita, kila mtu sentimita 140 kwa 70, ni mita 4.2 kwa 1.4 kila moja. Yalaze sambamba na ule upande wa 6.5. Kando ya kuta acha mita 1.2, katikati 2.1 maana viti vinapeana mgongo. Jumla 7.3. Inabaki mita 1.7 ya kuweka lokeri na kaunta fupi ya watu wawili. Hao ndio 14 wako.

Ukibana hadi sentimita 120 kwa mtu utaongeza viti, ila mkaguzi mwenye majalada mawili yaliyofunguliwa atahamia kwa jirani.

Kaunta4Life:
Mnaionea kaunta. Anayekuja kujibu barua pepe kwa muda wa saa moja hahitaji sentimita 140. Kaunta ya sentimita 105 kwenda juu, kiti cha 75, chenye pa kukanyagia. Watu wanapishana hapo haraka.

Tepu_Mita:
Saa moja sawa. Mtu wa kutoka Mbeya atakaa siku tatu juu ya kiti kisicho na mgongo?

sauti_ndogo:
Mmeviruka vibanda, na ndipo pesa zinapopotea. Kuna ofisi moja vilijengwa vinne vya kioo, vikapangwa dirishani upande wa magharibi. AC zikabaki nje ya vibanda. Kufika saa tisa alasiri ndani hapakaliki, kwa hiyo kila mtu anaongea mlango wazi. Wakafunga feni ya kutoa hewa juu, lakini hakuna tundu la kuingizia, kwa hiyo feni inavuma bure. Halafu kuta za jipsamu kati ya vibanda ziliishia kwenye dari la kuning'inia. Sauti inapanda, inapita juu ya vibao vya dari, inashukia kibanda cha pili. Mazungumzo ya mshahara yakasikika neno kwa neno. Chini ya mlango nako uwazi wa sentimita mbili.

Ukijenga, ukuta ufike hadi zege la juu ya dari, au kibanda kipewe kifuniko chake. Tabaka mbili za jipsamu kila upande, pamba ya kuzuia sauti katikati, mpira kuzunguka mlango. Hewa iingie chini, itoke juu. Na kiwe mbali na hilo dirisha.

kilowati:
Uliza pia kitambua moshi kitabaki upande gani wa ukuta.

Kaunta4Life:
Skrini je? Wekeni waya mmoja wa USB-C unaochaji na kuonyesha, basi.

kilowati:
Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Kompyuta za wakaguzi nyingi ni za zamani, waya wa HDMI uwepo pembeni, ufungwe kwa klipu, la sivyo utaondoka kwenye begi la mtu.

bibi_lokeri:
Mnapanga meza, mizigo itakaa wapi? Chiat/Day, wakala wa matangazo wa Los Angeles, waliondoa meza za kudumu miaka ya 1990. Simu na kompyuta watu waliazima asubuhi, hazikutosha, wengine wakageuza buti za magari yao kuwa makabati. Mpango ukaachwa.

Kaunta4Life:
Hiyo ni enzi ya makaratasi, bibi.

bibi_lokeri:
Mkaguzi wa Dar bado anatembea na majalada, mjukuu. Lokeri 14, za namba za siri.

mpanga_ofisi:
Asanteni. Mwenye jengo hajajibu kama tunaruhusiwa kutoboa dari kwa ajili ya ile nguzo. Akikataa?

kilowati:
Nguzo nyingi hukazwa kwa kusukuma kati ya sakafu na zege, ila kibao kimoja cha dari lazima ukikate. Nunua kibao cha akiba sasa, uje ukirudishe siku ya kuhama.

sauti_ndogo:
Hizo AC ni BTU ngapi, yaani zina nguvu gani ya kupoza? Watu 14 na jua la magharibi, hilo hujalisema.