Karanga za kuchemsha nyumbani: kavu au mbichi, sufuria ya kawaida au presha kuka?

Mwana_Loleza (Mbeya)
Habari zenu, ndugu. Jumamosi nilinunua Mwanjelwa kilo moja ya karanga kavu zenye maganda, nikachemsha sehemu yake juu ya jiko la mkaa kwa saa mbili na nusu, kama dada yangu aliyeko Dar es Salaam alivyonielekeza. Nilipozimenya, punje zilikuwa bado ngumu katikati, na chumvi yote ilikuwa imebaki kwenye maganda. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie: nianze na karanga zilizong'olewa karibuni, niendelee na hizi kavu kwa muda mrefu zaidi, au ninunue presha kuka?

Mama_Uyole
Mwanangu, dada yako hakukosea, ila yeye anapikia pwani. Maji ya Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, lakini huku kwetu Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 tu, na hata ukichochea moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo. Ndiyo maana maharage yetu nayo hukawia. Karanga kavu zenye maganda mimi huziloweka usiku kucha, na kwa kuwa huelea, huzikandamiza kwa sahani nzito ili zote zizame. Asubuhi namwaga maji hayo, naweka mapya, kisha nazichemsha saa nne hadi tano huku nikiongeza maji ya moto kila yanapopungua. Ni kazi ndefu na mkaa hauponi, lakini mchuzi wake hukolea vizuri, na sijapata ladha ile kwenye chombo kingine.

Kuhusu chumvi, usiharakishe kuziepua na kuzichuja. Karanga hunywa chumvi zaidi zinapopoa ndani ya maji yake kuliko zinapotokota, kwa hiyo ziache humo saa mbili au tatu, ukionja moja moja.

Mnyalukolo
Kamwene! Namheshimu sana Mama_Uyole, ila kwa karanga kavu mimi nasimama na presha kuka bila kusita. Mvuke ukifungiwa ndani, joto hupita nyuzi 110, na tofauti ya Iringa na pwani haikusumbui tena. Karanga zilizolowekwa usiku huiva kwa dakika 50 hadi 60 tangu mvuke uanze kulia, nami huzima gesi na kuiacha presha ishuke yenyewe, kwa sababu wakati huo ndio chumvi inaingia. Kwa kilo moja naweka lita nne za maji na vijiko vinne vya mezani vya chumvi, na chombo chenyewe kiwe kikubwa, maana sikijazi kupita nusu.

Tahadhari moja naisema kwa uchungu. Mwaka jana nilichemsha karanga zilizomenywa, ngozi zake nyekundu zikabanduka, zikapanda na povu na kuziba tundu la mvuke. Niligundua kwa sababu sauti ilikatika ghafla huku moto ukiwaka. Nilizima, nikasubiri karibu saa nzima kabla ya kugusa mfuniko. Tangu siku hiyo nachemsha zenye maganda tu, na kila mara nakagua tundu kwa kulitazama kwenye mwanga kabla ya kufunga.

Mkulima_Momba
Mnalinganisha vyombo, lakini mimi naona karanga yenyewe ndiyo inayoamua. Hapa tuelewane: sokoni "karanga mbichi" ni karanga yoyote isiyokaangwa, hata kama imekaa ghalani miezi sita. Ninayoisema mimi ni iliyong'olewa wiki hii, ganda likiwa bado na udongo na unyevu, na ukiitikisa sikioni haitoi sauti. Hiyo haihitaji kulowekwa. Ioshe maji matatu au manne, na kwa saa mbili hadi tatu za sufuria ya kawaida punje inakuwa laini, tamu, yenye ladha inayokaribia kunde, nayo ni jamii moja na kunde. Shida ni kwamba huku kusini tunazipata hasa mwishoni mwa masika, na zikikaa siku chache bila kuanikwa huanza kuota ukungu.

Mama_Uyole
Umegusa jambo zito, baba. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, iwe kwa sufuria au kwa presha. Kabla ya kuloweka, pasua karanga kadhaa kutoka kila upande wa mfuko, na ukikuta punje zilizosinyaa, zenye ukungu au zenye harufu ya uvundo, usichemshe mfuko huo. Tupa pia zenye maganda yaliyotoboka.

Mwana_Loleza (Mbeya)
Nawashukuru wote. Presha kuka nimeazima kwa jirani, nikaloweka zilizobaki tangu juzi usiku, nikazipika dakika 55 na kuziacha zipoe humo humo. Punje inapondeka kwa ulimi, na chumvi imefika ndani. Ila mchuzi ni mwepesi, hapo Mama_Uyole ana haki yake. Za kavu nitaendelea kuzipika kwa presha. Mkulima_Momba, masika yakiisha naomba unitumie debe moja la zile zenye udongo, nizipike kwa mkaa.