Daraja la reli la Bennerley: kwa nini chuma, si matofali?

Swali: Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kuhusu daraja la Bennerley nchini Uingereza, ambalo treni ziliacha kulipita mwaka 1968. Madaraja mengi ya zama zake yalijengwa kwa matao ya matofali. Kwa nini hili ni la chuma?

Jibu la kwanza: Sababu iko chini ya ardhi. Bonde la mto Erewash lilikuwa limechimbwa makaa ya mawe, na ardhi iliyotobolewa namna hiyo huweza kutitia, hivyo matao mazito ya matofali yangepasuka. Wajenzi wakachagua chuma cha kufua: mihimili ya kimia inayopitisha upepo, juu ya nguzo za mabomba yaliyounganishwa kwa riveti. Kwangu mimi, wepesi huo ndio uzuri wake.

Jibu la pili: Naongezea kwamba chuma hichohicho ndicho kilicholiokoa. Hakikatiki vizuri kwa moto wa gesi, hivyo kulibomoa kungedai kulifungua kipande kwa kipande, kazi yenye gharama kubwa mno. Tangu mwaka 2022 watu hulivuka kwa miguu.

Muuliza swali: Nashukuru sana. Sikuwa nimefikiria machimbo hata kidogo.