Riwaya za upelelezi wa malodi: mwandishi asiyejua nani anarithi cheo anatuibia wasomaji

Wakuu, nina hasira na leo naitoa yote hapa.

Hizi riwaya nazipenda kwa moyo wote: Uingereza ya miaka ya 1920, jumba kubwa shambani, wageni wa wikiendi, maiti kwenye maktaba, na mpelelezi ambaye si polisi bali ni Lord au Lady mwenye nafasi na pesa. Ni hadithi nyepesi, zinachekesha, damu kidogo. Ndiyo maana hii niliyoisoma juzi imeniuma.

Earl mmoja wa Kiingereza, yaani lodi mwenye cheo cha kurithi, anapewa sumu. Mwishoni tunaambiwa muuaji ni binti yake wa pekee, eti alitaka kurithi cheo. Cheo gani? Marehemu ana mdogo wake wa kiume, yuko hai, tumemwona tangu sura ya kwanza! Kwa Waingereza cheo cha Earl karibu siku zote hushuka kwa wanaume tu, na mara nyingi jumba na mashamba hufuata hukohuko. Baba akifa, kila kitu kinakwenda kwa baba mdogo. Yule binti alikuwa na kila sababu ya kumwombea mzee uzima, na mimi nilimwondoa kwenye washukiwa mapema kwa hoja hiyohiyo. Yaani anayeijua sheria ndiye anayepotezwa!

Na mfano halisi uko hapa kwetu Afrika Mashariki. Januari 1941 Earl wa Erroll alikutwa ndani ya gari lake nje ya Nairobi, kapigwa risasi. Hakuacha mtoto wa kiume. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, ambako baadhi ya vyeo hurithiwa na mabinti, kwa hiyo kikaenda kwa binti yake. Cheo chake kingine, Baron Kilmarnock, hakirithiwi na mwanamke, kikaenda kwa mdogo wake Erroll wa kiume. Kifo kimoja, warithi wawili. Mwandishi wetu angelimpa marehemu cheo cha Uskoti cha namna hiyo tu, kisa kingesimama.

Bado majina. Aliyeshtakiwa kwa mauaji ya Erroll, na kuachiwa huru, alikuwa baroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya malodi, mwenyewe huitwa Sir), Sir Delves Broughton. Mkewe Diana aliitwa Lady Broughton, kwa jina la mume. Kuitwa Lady na jina lako mwenyewe la kwanza ni haki ya binti wa Earl, au wa Marquess au Duke, vyeo vilivyo juu ya Earl. Kwenye kitabu hiki mke wa baroneti, binti wa mfanyabiashara, anaitwa Lady kwa jina lake la kwanza mwanzo hadi mwisho. Nikasema huyu ni tapeli, nimemnasa! Nikamfuatilia kurasa zaidi ya 100. Kumbe ni kosa la mwandishi, na mhariri naye akalipitisha.

Msiniambie ni burudani tu. Mwaka 1926 mwandishi Dorothy L. Sayers, ndani ya riwaya yake, alimshtaki kwa mauaji Duke, kaka wa mpelelezi wake, na akamfikisha House of Lords, baraza la malodi bungeni, ahukumiwe na malodi wenzake, kwa sababu ndivyo sheria ilivyokuwa mpaka ilipofutwa 1948. Kitabu kinachekesha na sheria imekaa sawa.

Na yule baba mdogo? Usiku wa sumu alikuwa mezani na wenzake. Mrithi mwenyewe, kurasa zote zile, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza alitoka saa ngapi.