Mafundi kompyuta, mnafuta vitu vya watu kwa ruhusa ya nani?

Wakuu, niseme mapema: wa kunipa pole karibuni, ila wale wa "bakapu yako iko wapi" wapite kushoto. Asiye na bakapu naye ana haki ya kuulizwa kabla hajafutiwa vitu vyake.

Kompyuta yetu ya nyumbani, ile ya mezani, umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi. Uliporudi, ukiiwasha inafika kwenye nembo ya Windows, inazungusha vile vidoti, inaleta skrini ya bluu, inajizima na kuanza upya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Dar, duka lina bango kubwa na vijana wamevaa fulana sare, ukiliona unasema hapa ndipo penyewe. Akaitazama kidogo tu: "Bosi, Windows imekufa hii. Elfu ishirini, pitia jioni." Neno kufomati, yaani kufuta diski na kuanza upya, halikutajwa. Humu ndani kuna nini, hakuuliza.

Jioni naikuta inawaka vizuri, picha ya milima kwenye skrini, kila kitu kipya. Kipya kweli! Diski ya mashine ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D. Jamaa kafuta zote mbili, kaunganisha ikawa moja. Picha za watoto tangu wachanga, hakuna. Mkataba wa kiwanja nilioskani, hakuna. Tasnifu ya mke wangu, anayetakiwa kuikabidhi chuoni muhula huu, hakuna.

Nampigia, ananijibu bila hata kushtuka: "Sasa bosi, si ungesema kama una vitu vya maana?"

Jamani. Fundi wa gari akikuta mzigo kwenye buti anautupa kwa sababu hukumwambia ni wa maana? Kompyuta ya nyumbani mtu anaweka nini, kama si vitu vyake?

Na hapo bado hamjasikia kilichonichefua. Nafungua diski nakuta folda imeandikwa OFA. Ndani muvi za Kikorea zilizotafsiriwa, singo za Bongo Fleva na magemu. Diski ilikuwa karibu nusu imejaa, na hakuna kitu changu hata kimoja! Anadhani kanifurahisha.

Kwa wasioelewa kwa nini hili ni baya kuliko kufomati kwenyewe: ukifomati kwa ile njia ya haraka ambayo mafundi wengi hutumia, mafaili hayafutiki palepale. Kinachoondoka ni orodha inayoiambia Windows kila faili lilipo. Picha zenyewe zinabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo Windows mpya ilikalia sehemu, Office ikakalia sehemu, halafu huyu bwana akachukua gigabaiti kwa gigabaiti za muvi ambazo sikumwomba akazimwaga juu ya watoto wangu. Palipoandikwa juu pamekwenda, hakuna programu ya kuparudisha, na anayekuahidi kurudisha vyote asilimia mia hata kabla hajaiona diski anataka hela yako tu.

Halafu akaniambia kama navitaka nirudi dukani, "kurikava" ni laki mbili. Yaani alivifuta yeye, kunirudishia nimlipe mara kumi ya alichonitoza kuvifuta!

Sikurudi. Shemeji yangu ndiye aliyeitoa ile diski, akaichomeka kwenye mashine yake kama diski ya nje, akaendesha PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ni ya bure na haihitaji ile orodha iliyofutwa, inapekua diski ikitafuta alama ambazo faili la picha au la Word huanza nazo. Ilifanya kazi usiku kucha. Tulichopata ni mafolda yanaitwa recup_dir.1, recup_dir.2, yanaendelea, ndani majina yote yamepotea, ni f na tarakimu tu. Picha za birthday zimechanganyika na vitufe vya tovuti na matangazo. Nyingine juu unaona sura ya mtoto, chini kijivu. Na Word ndiyo balaa, kwa sababu docx kwa ndani ni faili lililobanwa kama zipu, likipungua kipande mara nyingi linagoma kufunguka lote. Mke wangu kapata sura ya kwanza na ya pili. Ya tatu, yenye data alizokusanya mwenyewe vijijini, inafunguka ikiwa maandishi ya ajabu ajabu.

Na hapo tuna bahati ni diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, zile diski za kisasa zisizo na kitu cha kuzunguka, kufomati peke yake huwa kunaiamuru ijisafishe, PhotoRec ingekuta sifuri tupu.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Diski ilikuwa nzima, Windows ndiyo ilikataa kuwaka. Ungewasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo wa bure unaowaka bila kuigusa Windows, ukanakili mafaili kwenye diski nyingine, ndipo upige Windows yako. Au niambie tu "bosi, nataka kufomati, kuna kitu?" Sekunde tano hizo. Ningekulipa hata elfu hamsini na ningekuletea wateja.

Diski sasa nimeichomoa na haiwashwi tena mpaka apatikane mtu anayejua kazi, wa kuinakili nzima kwanza kisha ahangaike na nakala. Hapa Dar kama kuna mtu wa hivyo aliyewahi kumsaidia mmoja wenu, hasa kwenye docx zilizokatika, naomba mnitajie na bei aliyotoza. Mwenye duka la muvi asinifuate inbox.