Tupeane uzoefu: picha za mtoto mchanga hapa Dodoma, mlipiga lini na mlijiandaaje?

Mama Kijacho (Ilazo)

Mbukwenyi wadau. Nina ujauzito wa miezi minane, Mungu akipenda najifungua mwezi wa saba. Mume wangu amekubali tumwite mpiga picha mwenye kamera yake, tusiishie kwenye picha za simu. Tatizo kila ninayemuuliza ananiambia lake. Video za huko nje zinasema mtoto apigwe kabla hajafikisha wiki mbili, eti akipita hapo hajikunji tena na usingizi wake unakuwa mwepesi. Mama mkwe anakuja kutoka Mpwapwa kunilea uzazi, na aliposikia habari hizo aliguna tu: mtoto hatoki nje kabla ya arobaini. Halafu mwezi wa saba wa Dodoma mnaujua wenyewe, upepo na vumbi mchana, usiku nyuzi 13 au 14.

Waliopitia: mlipiga lini, wapi, mliandaa nini, na kipi mlinunua kikabaki kabatini? Naomba yale yaliyowakuta nyie, ya kusoma nimeshasoma hadi macho yameuma.

Mama Wawili (Kisasa)

Hongera dada. Mimi nimepiga kwa namna zote mbili.

Wa kwanza alikuwa na wiki moja na ushei, mpiga picha akaja nyumbani. Tulisubiri kitovu kidondoke kwanza, maana kikiwa bado kipo unaogopa hata kumgeuza. Mtoto alilala fofofo, akakunjwa, akafungwa kitambaa, picha zikatoka vilevile kama za kwenye video. Ila mimi mama yake sina picha hata moja ya siku ile ninayoipenda. Nilikuwa na mshono, miguu imevimba, maziwa yanalowesha gauni, nimekaa kwenye kiti naangalia mtoto wangu anavyogeuzwageuzwa na mtu nisiyemjua.

Wa pili tukamsubirisha hadi arobaini, tukampiga kabla hajanyolewa. Huyo wala hakutaka kukunjwa, anarusha miguu tu. Lakini umri huo mtoto anaanza kutabasamu akiona sura ya mtu, anakutazama machoni. Na mimi nimeshapata nguvu, nimesuka, nimevaa kitenge changu, baba yake yupo pembeni. Picha iliyopo ukutani sebuleni ni ya huyu wa pili.

Kwa hiyo hilo la wiki mbili ni kweli kama unataka mtoto aliyejikunja amelala. Kama unataka mtoto anayekutazama, mama mkwe wako hajakosea.

Kitu kimoja uangalie: arobaini inaangukia karibu kabisa na chanjo ya wiki ya 6. Siku hiyo anachomwa sindano mapajani na wengi jioni wanachemka na kulia. Pigeni siku mbili tatu kabla ya kliniki.

Kidume cha Bahi

Hiyo hela mimi ningenunua pempasi na debe la uwele. Simu si inapiga picha?

Mama Wawili (Kisasa)

Kaka, ya kwako ulipigwa ukiwa na umri gani?

Kidume cha Bahi

Ya kwanza ni ya kumaliza darasa la saba. Nimeelewa, endeleeni.

Lenzi ya Kati

Mimi ni mpiga picha hapa mjini, wachanga ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Sitangazi biashara, nataka tu niseme yanayoharibu kazi mara nyingi, na mengi hayahusu kamera.

La kwanza ni joto. Mtoto akivuliwa nguo chumba kikiwa na baridi hatalala, hata umbembeleze vipi. Nataka chumba kiwe kwenye nyuzi 26 hadi 28, yaani wewe mkubwa utoke jasho kidogo. Kwa Juni na Julai usiniite saa moja asubuhi. Niite saa nne, jua limeshapasha ukuta.

La pili, anyonye ashibe nikiwa nimeshafika na nimeshapanga vitu vyangu, abeuliwe, ndipo tuanze. Akinyonya saa nzima kabla, tutaanza na kilio. Na mjue tutasimama mara nyingi: kunyonya, kubadilisha, kunyonya tena. Kazi yenyewe inachukua saa mbili hadi nne. Mpiga picha anayekwambia dakika 30 kwa mtoto wa siku kumi, ama hajawahi ama atamlazimisha.

Nguo za kubana, soksi na pempasi iliyokazwa vinaacha alama kwenye ngozi. Mlegezee mapema, mfunike kanga laini. Ngozi kubambuka wiki ya kwanza ni kawaida, msimpake mafuta mengi siku hiyo, picha inang'aa kama sufuria.

Mwanga wa dirishani unatosha kabisa. Jua la Dodoma ni kali, natundika pazia jepesi jeupe basi.

Sasa hili nawaomba sana. Ile picha ya mtoto ameshika mashavu kwa viganja, kichwa kimesimama chenyewe, wanaita pozi la chura: hakuna mtoto mchanga anayeweza kukaa vile. Zinapigwa picha mbili, moja msaidizi ameshika kichwa, nyingine ameshika mikono, halafu zinaunganishwa kwenye kompyuta na vidole vya msaidizi vinafutwa. Ukimwona mpiga picha amemwachia mtoto mikono ili akae hivyo, mchukue mwanao.

BintiKondoa

Asante kaka Lenzi. Mimi nilitaka mwanangu awekwe kwenye kreti la zabibu, ulikuwa mwezi wa nane wakati wa mavuno, nikaona itakuwa Dodoma yenyewe. Dada aliyetupiga akakataa katakata, akasema zabibu zinapuliziwa dawa shambani na kreti lina vumbi la wiki nzima. Akatafuta ungo mpya, akatandika blanketi nene na kitenge juu, mtoto akawekwa chini kabisa sakafuni kwenye godoro. Mama yangu alipoona ungo alicheka, akauliza kama tunapepeta mtama. Picha ni nzuri mno.

Ila nina jambo linaniuma. Studio nyingine tuliyoitumia kabla ya hapo, kwa mtoto wa dada yangu, iliweka picha za mtoto kwenye ukurasa wao wa matangazo bila kuuliza. Mtoto hana nguo, jina lake na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa ubaoni, watu wanatoa maoni. Dada aliziona kwa jirani! Walipopigiwa walisema ndiyo utaratibu wao. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kwa mtoto anayetoa ridhaa ni mzazi au mlezi. Alipoitaja sheria hiyo kwenye simu, picha zilishuka siku hiyohiyo. Andikishianeni kabla, hata kwa ujumbe wa simu: picha zinatumika wapi, zinafutwa lini.

Mkunga wa Zamu

Nimesoma yote, naongeza ya kwetu.

Kuhusu joto, naomba mtu asiingize jiko la mkaa ndani akafunga madirisha ili mpiga picha apate nyuzi zake 28. Kila msimu wa baridi tunapokea watu waliovuta hewa ya mkaa, na hewa hiyo haina harufu. Mtoto atasinzia kweli, na wewe utasinzia. Tumia hita ya umeme iliyowekwa mbali naye, au pasha vitambaa kwa pasi kisha uvipime kwenye mkono wako.

Kitovu kinadondoka kati ya wiki ya kwanza na ya pili kwa watoto wengi. Kiachwe kikavu, kisifunikwe na pempasi, kisipakwe chochote cha nyumbani, na kisivutwe ili kiwahi picha. Nimeshakutana na la kuvuta.

Wanaopiga arobaini msishtuke: kuanzia wiki ya pili au ya tatu uso unaweza kutoa vipele vidogo, vinaondoka vyenyewe. Na pale alipochomwa chanjo ya kifua kikuu panaweza kufanya kijipu chenye usaha kidogo. Hiyo ndiyo chanjo inafanya kazi. Msikikamue wala kukipaka poda, mfunike na nguo ya mkono mrefu.

Anayemgusa mtoto anawe mikono kwa sabuni, mwenye mafua abaki kwake, hata akiwa ndiye fundi bora Dodoma nzima. Na mtoto akigoma kunyonya, akichemka, akipumua kwa shida, kitovu kikiwa chekundu au kinanuka, au umanjano ukifika viganjani na kwenye nyayo, siku hiyo ni ya hospitali.

Baba Pacha (Nkuhungu)

Sisi tulikuwa tumelipa kabisa malipo ya awali, pacha wakaja kabla ya wakati. Wakalala kifuani kwa mama yao, ngozi kwa ngozi, siku nyingi tu, mimi napokea zamu. Mpiga picha hakutusumbua, akasema tarehe ni ya kwenu. Tulikuja kupiga walipofikisha uzito waliotaka wauguzi, na bado walikuwa wadogo kiasi cha kujikunja vizuri, ingawa kwa kalenda walishapita arobaini. Ile hesabu ya wiki mbili haiwahusu njiti.

Kwa akina baba: likizo yetu kisheria ni siku chache tu, nazo zinaisha ukiwa bado unatafuta uji wa mgonjwa. Ukitaka uwepo kwenye picha panga Jumamosi. Na uvae shati la rangi moja, langu lilikuwa na mistari, mke wangu ananikumbusha hadi leo.

Shangazi wa Makole

Nyie watoto, msiwatanie wakwe zenu. Mama mkwe anaposema arobaini anaangalia jicho la watu, lakini pia anaangalia baridi na mafua ya sokoni Majengo. Mpiga picha akija nyumbani, mtoto hajatoka, neno lake limeheshimiwa na picha umepata. Mwombe yeye ndiye amshike mtoto wakati wa kupigwa. Mimi nilimshikisha mama mkwe wangu, ubishi ukaisha palepale.

Uzi mweusi mkononi kama anataka, uache, utafichwa na nguo. Wanja wa machoni hapo ndipo ukatae kwa adabu, macho ya mtoto hayahitaji.

Mama Kijacho (Ilazo)

Shikamoo shangazi. Hilo la kumshikisha nimelichukua hata sijamaliza kusoma.

Naona nitamwita nyumbani kitovu kikishadondoka kama nitakuwa na nguvu, nikiwa hoi basi iwe kabla ya kliniki ya wiki ya 6. Kaka Lenzi, nalipiaje kitu ambacho sijui tarehe yake? Na umeme ukikatika?

Lenzi ya Kati

Marahaba ni ya shangazi, mimi naitikia swali. Usifunge tarehe. Mpe mpiga picha wako tarehe ya makadirio, weka malipo kidogo ya kushika nafasi, na mkubaliane kwa maandishi kwamba inasogea bila faini, maana watoto wachache sana wanazaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Ukijifungua, mtu mmoja wa nyumbani amtumie ujumbe. Wewe usishike simu. Umeme ukikatika picha hazina shida, dirisha lipo. Shida ni hita, kwa hiyo jazeni chupa za chai maji ya moto usiku wake, ya kujaza chupa ya mpira ya kupashia blanketi. Itolewe kabla mtoto hajalazwa.

Mama Wawili (Kisasa)

Na vile viatu vya kufuma usinunue. Havikai mguuni hata dakika moja.